Jana Mikono Yako Ilishika Nini?

Mara ya kwanza nilipomwona Muzee wa Anketi nilidhani anajisaidia ukutani. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kisoko chetu cha Mbunya, hapa Bunia, uso kwenye matofali, mgongo kwa watu, kofia imeinama. Mimi sina subira na wanaume wa namna hiyo. Nikampigia kelele bila kujali nani anasikia.

“Muzee! Hapa batu banauzisha sombe! Huna haya?”

Akageuka taratibu, kalamu mkono mmoja, kipande cha karatasi mkono mwingine. Alikuwa anaandika tu.

“Unisamehe, mama,” akasema. “Nikiandika mbele ya batu, banakimbia.”

Wauza sombe, yale majani ya muhogo, walinicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka sokoni. Yeye naye alicheka, huku ameziba mdomo kwa karatasi yake. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana, halafu tukawa tunabishana, na tulibishana kwa miaka mingi bila kuchokana.

Alikuwa mtumishi wa serikali, upande wa ofisi ya kazi. Anketi ni neno tulilolichukua kwenye Kifaransa: ni ule uchunguzi wa kuzunguka mitaani na kuuliza watu maswali. Alitakiwa kujua watu wa Ituri wanaishi kwa kufanya nini, mafundi gani wamejaa, mafundi gani wanatafutwa na hawapatikani. Habari hizo zilipelekwa kwa wakubwa wa jimbo, kwa wenye shule za ufundi na kwa wafadhili, ili vijana wasifundishwe kitu ambacho wakimaliza hakuna wa kukinunua. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui, na sitajifanya ninajua. Kila nilipomuuliza alinirudishia swali, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimemweleza habari za ndugu zangu wote waliobaki Butembo.

Alivaa koti la kahawia, jua au mvua, na koti hilo halikuwahi kuwa na vifungo vyote. Mimi ni mwalimu wa ushonaji, kwa hiyo mnaelewa mateso yangu. Nilikishona kile cha katikati kwa uzi wa nguvu, nikakata kwa meno, nikamwambia kitamzika. Wiki haikuisha kikawa kimetoka. Sababu ilikuwa tabia yake: akisikiliza mtu, vidole vyake vilishika kifungo na kukizungusha, na kadiri maneno yalivyomwingia ndivyo alivyozungusha zaidi. Habari nzuri sana ilimalizika na kifungo mkononi. Ukimwona ametoka mtaani koti liko wazi, ujue siku hiyo watu walizungumza.

Namna yake ya kuuliza ndiyo iliyompa jina mjini. Hapa kwetu mtu mwenye karatasi na kalamu ni mtu wa kodi. Hakuna anayengoja kuhakikisha. Akitokea tu mwanzo wa barabara, fundi wa simu anatia simu za wateja mfukoni na kugeuka mgeni aliyekuja kusalimia. Mwenye kuuza petroli kwenye chupa anakaa mbele ya chupa zake na kuanza kuomba Mungu. Fundi wa nguo anatupa kitenge juu ya mashine, anaweka kichanga juu ya kitenge, na ukimuuliza anakwambia yeye ni mgonjwa.

“Karatasi inaogopesha batu kupita mbwa,” alikuwa akisema. Kwa hiyo aliacha kuibeba wazi. Aliikunja na kuitia ndani ya kofia, akatembea mikono mitupu, akasikiliza, halafu akaenda kutafuta ukuta.

Na hakuuliza watu kazi zao. Nilimsindikiza siku moja kwa mama mmoja wa kukaanga mandazi, jirani yangu, mtu ninayemfahamu vizuri. Nilitaka kuona huyo Muzee anafanyaje. Nikaanza mimi, kwa kujifanya mjuzi.

“Mama, weye unafanyaka kazi gani?”

“Mie? Sifanyake kazi. Niko tu hapa nyumbani.”

Mandazi yalikuwa yanaelea kwenye mafuta mbele yake. Muzee akachuchumaa karibu na moto, akapewa moja, akapuliza, akala, akasifu. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka umbea:

“Jana, kutoka asubui mpaka magaribi, mikono yako ilishika nini?”

“Eh, muzee! Jana ilinichokesha! Asubui ilishika unga. Nikakaanga mandazi, nikatuma batoto bauzishe. Kisha nikasuka kichwa ya bibi ya pasta, kisha ya dada yake. Saa kumi nikaenda kuchukua makaa kwa ule mutu wa kamio, ile lori, nikaigawanya mu masashe, mifuko kidogo-kidogo. Magaribi nikauzisha ile makaa hapa kwa mulango. Usiku mikono ilikuwa inaniuma, nikamuambia bwana yangu apike yeye. Akakatala.”

Kifungo kilikuwa kinazunguka. Mtu asiyefanya kazi alikuwa na kazi tatu na maumivu ya mikono, na mumewe, ambaye ndiye alikuwa na cheo na ofisi, alikuwa amekataa kupika. Muzee alishukuru, akanunua mandazi ya kupeleka nyumbani, akaenda ukutani.

“Mutu asiye na kazi mu Bunia,” aliniambia tukirudi, “niko namutafuta tangu zamani. Sijamuona bado. Naona tu batu benye kazi ile haina jina.”

Sikutaka kumwonyesha nimevutiwa. Nikamwambia kofia yake inanuka mafuta.

Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Alijua ni mtaa gani unakosa fundi wa kuchomelea vyuma, lakini alipotea akitafuta nyumba ya dada yangu, na dada yangu anakaa nyuma ya nyumba ya Muzee mwenyewe. Mkewe alimtuma chumvi, akarudi na habari zote za wabeba mizigo wa duka la chumvi, bila chumvi. Alikuwa mpole kwa wauza mandazi na mkali kwa wakubwa. Katika mikutano aliongea mpaka watu walisinzia, halafu akawaamsha kwa kuwauliza jana mikono yao ilishika nini, na wengi walikuwa wameshika simu tu.

Na aliogopa maji. Simaanishi mvua, namaanisha ziwa. Anketi zake zilimpeleka Tchomia, kule kwenye Ziwa Albert, kwa wavuvi na wakaushaji wa samaki. Wenzake waliingia kwenye mitumbwi wakaenda kuwauliza wavuvi huko huko kwenye nyavu. Yeye alisimama mchangani, viatu mbali na wimbi, akauliza kwa kupiga kelele. “Jana! Mikono yako! Ilishika nini?” Wavuvi walimjibu kwa kelele vile vile, na wengine walimjibu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alisamehe yote. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera, na aliligusia mara kwa mara: wale wanaolala kwenye kambi za mbali za uvuvi, ambako hufiki ila kwa mtumbwi, hawakuwemo kwenye hesabu zake.

“Bale ba kule ng'ambo sijabauliza,” alikuwa akisema, na hapo hakucheka.

Sasa nieleze jambo lililotufanya tukaribie kugombana kweli.

Nilikuwa nafundisha kwenye kituo cha ufundi, chini ya mkuu wetu tunayemwita Mama Direktrisi, darasa la kukata na kushona nguo, ambalo sote tunaliita kupe-kuture. Lilikuwa darasa zuri. Mashine mpya, meza kubwa ya kukatia, na wasichana waliotoka kwenye familia zilizokimbia vijiji vyao, wengine wakiwa wameacha biashara ya ndizi ili wajifunze. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika Bunia sina kitu, na darasa hilo ndilo lililonisimamisha. Nililipenda, nalisema wazi. Nilikuwa nafika kabla ya mlinzi.

Asubuhi moja Muzee wa Anketi akaja. Koti lilikuwa limefungwa lote, na hiyo tu ingenitosha kujua kuna ubaya.

“Madamu,” akasema, “wasichana batoke kidogo. Nataka usikie kwangu mwenyewe, kabla ya kusikia kwa bengine.”

Wasichana wakatoka, wakabaki wamejipanga chini ya dirisha kusikiliza. Akaniomba vifungo. Nikamletea kopo zima. Akaniomba chaki yangu ya kuchorea nguo, akachora juu ya meza ya kukatia: barabara kubwa, soko, uwanja wa ndege, Mbunya, njia ya kwenda Tchomia. Halafu akaanza kupanga vifungo vyeupe.

“Hii kila moya ni fundi wa nguo,” akasema. “Hapa. Na hapa. Hapa kwa barza hii biko bitatu. Hapa tena.”

Aliweka, akaweka, mpaka barabara za chaki zikafunikwa. Kisha akachukua vyeusi.

“Hii nyeusi ni mutu mwenye anatafuta fundi wa nguo na anamukosa.”

Akaweka kimoja. Akafikiri. Akaweka cha pili, karibu na kanisa, akasema huyo anatafuta wa kushonea kwaya na anataka bei ya zamani, kwa hiyo labda tumtoe. Akamtoa.

Nilitazama meza yangu ilivyojaa weupe. Sikuhitaji kuelezwa. Wasichana wangu walikuwa wanajifunza kwenda kukaa kwenye mabaraza yale, bega kwa bega, kungojea sikukuu.

“Basi nani alisema Bunia inakosa bafundi ba nguo?” nikamuuliza. “Hii darasa ilifunguliwa juu ya raporo ya anketi! Mie niliisikia ikisomwa!”

“Niliandika mie.”

Akavua kofia. Akanieleza kwamba miaka ile ya kwanza, alipokuwa bado mgeni wa kazi hiyo, alizunguka mji mzima na karatasi zake mkononi, kalamu sikioni, kitambulisho kifuani. Kila alipopita, vitenge viliruka juu ya mashine. Wagonjwa aliokutana nao wiki zile walikuwa wengi mno. Akarudi ofisini akaandika kwa moyo safi kwamba mafundi wa nguo Bunia ni wachache sana, na kwamba yafaa vijana wafundishwe kushona. Wafadhili wakasoma, mashine zikaja, tangazo likatoka, nami nikaajiriwa. Sasa alikuwa ameuliza upya, mikono mitupu, na vitenge havikuruka.

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu niliwaona wale mafundi wote na wagonjwa wao. Halafu hasira ikanipanda.

“Kwa hiyo mie niko kosa?”

“Weye hapana, Madamu. Kosa iko yangu. Weye uko tu ndani.”

“Na utaisema? Mbele ya Mama Direktrisi? Mbele ya bote?”

“Nitaisema. Nikinyamaza, bale batoto kwa dirisha ndio batalipa.”

Nilitaka kumrushia kopo. Badala yake nikaanza kukusanya vifungo kimoja kimoja, naye akanisaidia mpaka meza ikawa safi.

Akasema kweli. Kwenye mkutano wa mwaka wa kituo, mbele ya wakubwa wa jimbo, wafadhili, wenye karakana na Mama Direktrisi wetu, alisimama akasema raporo ile ya kwanza ilikuwa imekosea na mkosaji ni yeye. Sijaona mtu akikiri kosa lake kwa utulivu namna ile. Ungedhani anaeleza njia ya kwenda sokoni. Akaonyesha hesabu mpya. Vijana wanatafutwa kwenye ufundi wa pikipiki, kwenye mashine za boti, kwenye umeme wa jua. Kwenye nguo wamejaa.

Mama Direktrisi ni mwanamke wa haki, lakini haki yake ina haraka. Alikunja miwani yake akasema chumba cha kupe-kuture kitakuwa karakana ya pikipiki mwaka ujao, mashine zitauzwa, na Madamu atashukuriwa. Hilo la kushukuriwa, yaani kuachishwa kazi kwa maneno matamu, lilinichoma kuliko yote. Wasichana wangu walikuwa mlangoni. Mmoja wao, Neema, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, alikuwa amejishika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Hapo Muzee, ambaye tayari alikuwa amekaa, akasimama tena.

“Mama Direktrisi, naomba muhula moya. Mie na Madamu.”

“Juu ya nini? Si weye mwenyewe umesema bamejaa?”

“Nilisema bafundi ba nguo bamejaa. Lakini nilihesabu tu nguo za sikukuu na yunifomu. Kila kitu kingine chenye kinashonwa, sijakiuliza bado.” Vidole vilikuwa vimefika kwenye kifungo. “Niliuliza benye kushona. Sijauliza benye kupasukiwa.”

Watu walicheka, na hicho ndicho kilichotuokoa. Mama Direktrisi naye alicheka kidogo, akaandika muhula mmoja.

Siku zilizofuata Muzee alizunguka akiuliza swali lingine: kitu gani kimekupasukia na hujui wa kukushonea? Mimi nilienda naye kila nilipotoka darasani, na nilishangaa kwa nini sijawahi kuuliza. Wamotari, wale wa pikipiki za abiria, walitufunulia viti vya pikipiki vilivyofungwa kwa kamba na mfuko wa saruji. Wenye malori walituonyesha maturubai yaliyotoboka, ambayo wanayapeleka mbali kurekebishwa. Mtu mmoja kutoka machimbo ya dhahabu ya Kilo alilalamika kwa muda mrefu kuhusu mifuko ya kubebea mchanga: inapasuka mabegani, mchanga unamwagika, na mchanga wa Kilo si wa kumwagwa. Kisha Muzee akashuka Tchomia, akasimama mchangani mahali pake pa siku zote, akawapigia kelele wenye mitumbwi. Alirudi koti liko wazi, vifungo vyote viwili vya mwisho viko mfukoni.

“Gile, Madamu,” akasema kabla hajakaa. “Magile za kuvaa mu mayi, mutu asizame. Banaziagiza ng'ambo ya ziwa, kwa Uganda. Iko bei, na zikipasuka hakuna mutu wa kuzishona. Bengi banaenda bila. Siku za upepo, bibi zao banasimama inje kungojea.”

Nami, ambaye nilikuwa nimekwisha kufikiria jinsi ya kumkatalia, nikaacha.

Tulianza na viti na maturubai, kwa sababu hivyo nilivielewa. Sindano nyembamba zilikatika, tukatafuta nene. Vidole vilitoka malengelenge. Wasichana wawili walisema wao hawakuja kujifunza kushona malori, wakaondoka, na sikuwalaumu. Waliobaki walijifunza kuvuta uzi uliopakwa nta kwa kutumia mgongo mzima, na baada ya muda wamotari wakaanza kutujazia ua kelele za honi.

Gile ndiyo ilitutesa. Ya kwanza niliishona mwenyewe, ya rangi ya machungwa, mishono imenyooka, mikanda imara, nzuri hata ya kuvaa kanisani. Ndani nilitia sponji ya godoro. Muzee akaleta pipa la maji uani, tukaifunga gile kwenye mfuko wa mchanga, na Mama Direktrisi akaitwa kushuhudia. Ilielea vizuri. Tulipiga makofi. Halafu, makofi hayajaisha, ikaanza kunywa. Ilikunywa taratibu, kwa starehe, na ikashuka mpaka chini ya pipa, ikatulia huko.

“Madamu,” Muzee akasema akichungulia ndani, “hii inamusaidia mutu afike haraka.”

Nilimmwagia maji ya pipa. Mama Direktrisi alilazimika kukaa kwenye benchi kwa kicheko, na Neema, ambaye kwa kawaida haongei, ndiye aliyesema: “Sponji inakunywa mayi. Mpira wa kandambili haikunyake. Zangu zilichukuliwa na muto, nikazikimbilia mbali, zilikuwa juu tu.”

Tukatafuta mpira ule mwepesi wa kutengeneza kandambili, tukaukata vipande, tukaufunga kwa plastiki, tukashona upya. Pipa likashindwa. Tukaongeza mchanga, likashindwa tena. Muzee akaagiza iachwe humo usiku kucha, kwa sababu yeye hakuamini kitu chochote kinachohusu maji, na asubuhi tuliikuta juu, na kifaranga cha jirani kimekaa juu yake.

Darasa halikufungwa. Lilibadilishwa jina, karakana ya pikipiki ikajengwa upande wa pili, na sasa sisi ndio tunawashonea viti. Nguo bado nafundisha, kidogo, kwa sababu msichana anataka siku ya harusi yake avae kazi ya mikono yake. Kwenye raporo iliyofuata Muzee aliandika habari zetu kwa maneno machache makavu. Nilimlalamikia kwamba hakutusifu. Akasema sifa zinakaa kwa pasta, yeye anaandika tu yaliyoko.

Halafu akastaafu. Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na mimi nikampa koti jipya la kahawia, vifungo vimeshonwa kwa uzi wa maturubai. Alilivaa pale pale. Jioni cha katikati kilikuwa kimeshalegea.

Kwa muda sikumwona. Nilisikia analima kidogo, anasumbua majirani kwa maswali, na anapotea kama kawaida. Kisha mwaka huu, barabara ilipokuwa tulivu, nilishuka Tchomia kumpelekea Neema mipira na mikanda. Neema sasa ana karakana yake kule, karibu na wanapokaushia samaki. Gile zake zimetundikwa mbele ya mlango, na harufu ya moshi imeingia mpaka kwenye uzi. Ana wasichana wake wanaojifunza, na anawafokea kwa sauti yangu. Ilinifurahisha na kunitia aibu kidogo.

“Madamu, utashangaa,” akaniambia hata sijatua mzigo. “Muzee iko huku. Anaenda mu mayi.”

“Muzee gani?”

“Muzee wetu!”

Nikatoka mbio. Kweli alikuwa pale, mchangani, viatu amevishika mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Juu ya koti langu la kahawia alikuwa amevaa gile ya machungwa. Alikuwa anaikagua mshono kwa mshono, kama mtu anayenunua ng'ombe.

“Unaenda wapi, Muzee, na umri hii?” nikamuuliza.

“Ng'ambo, kwa makambi. Bale sijabauliza.”

“Si ulishamaliza kazi?”

“Ofisi ndio imenimaliza. Anketi haijaisha.” Akavuta mkanda, akautazama. “Hii alishona nani?”

“Mie,” Neema akasema.

“Uliiweka mu pipa?”

“Usiku muzima, Muzee.”

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, akamwambia mwenye mtumbwi amshike mkono. Wavuvi wawili walimwinua karibu kumbeba. Alikaa katikati kabisa, mgongo umenyooka, midomo inatembea. Nadhani alikuwa anasali. Karatasi haikuonekana, lakini kofia ilikuwa kichwani, na mimi nilijua kilichomo. Mtumbwi ukasukumwa. Wimbi la kwanza likauinua, na nikaona mikono yote miwili imekamata mikanda ya gile mpaka vidole vimebadilika rangi.

Huruma ilinishika, na furaha, na machozi, yote kwa pamoja, nikaona nikinyamaza nitalia mbele ya wakaushaji wa samaki. Basi nikakusanya mikono mdomoni nikamwuliza kwa kelele, kama yeye alivyowauliza watu wote pwani hiyo miaka yote:

“Muzee! Leo mikono yako inashika nini?”

Hakugeuka, aliogopa kugeuka. Lakini sauti yake ilitufikia vizuri juu ya maji, na wavuvi waliokuwa naye wakaanza kucheka.

“Inashika ile kosa yangu ya raporo, Madamu! Iko nguvu!”

Neema alinishika bega. Tulisimama pale mpaka rangi ya machungwa ikawa ndogo, ikielea, kisha tukarudi ndani, kwa sababu kulikuwa na gile nyingine za kumaliza kabla ya jioni.